Barakoa Iliyocheza Ghala

Jumapili, 12 Januari

Unyevu wa stoo ya makumbusho, hapa mtaa wa Ghala, sawa. Joto sawa. Kiyoyozi cha upande wa mlango kinanguruma lakini hakijanishinda. Nimevaa glavu, nimefungua makasha, nimezitoa barakoa moja moja na kuzilaza juu ya sponji. Saba. Hakuna iliyovunjika njiani. Ningeshangaa kama ingevunjika, maana maelekezo ya kufunga niliyatoa mimi.

Zote ni za Wadogon, watu wa majabali ya Mali. Wanaume ndio wanaozivaa, kwenye dama, sherehe yao ya kumsindikiza marehemu. Sisi maiti tunamzika siku ile ile, azza, yaani kupokea rambirambi, siku tatu, halua na kahawa, kila mtu anarudi kwake. Wao pia huzika upesi, lakini dama inaweza kuja baada ya miaka. Mpaka hapo roho haijaondoka, ipo ipo tu nyumbani. Siku ya dama barakoa zinatoka, zinacheza kijijini na juu ya paa la marehemu, zinaionyesha roho njia ya kwenda kwa mababu. Hapo ndipo matanga yanapoanuliwa.

Kubwa kwangu ni ile iitwayo kanaga. Uso kama kisanduku, macho ya pembe nne, na juu yake mti mrefu wenye mikono miwili iliyokingama, mmoja juu, mmoja chini. Mwenyewe ni bwana mmoja wa Ulaya, mkusanyaji. Ametuazima kwa masharti: irudi kama ilivyokuja, na isishikwe na mtu ila mimi. Sharti la pili limenifurahisha. Hakuna Maskati hii anayejua mti mkavu kunizidi. Sijisifu, nasema lililopo.

Jumanne, 14 Januari

Nimeshinda na kanaga chini ya taa. Ndani kuna kijiti cha kung'ata, kinachoizuia barakoa isimruke mchezaji. Alama za meno zimo, upande wa kulia zaidi. Aliyeivaa alitafunia kulia, kama marehemu baba yangu.

Ncha ya juu imesagika. Mchezaji wa kanaga huinama na kuzungusha kichwa mpaka ncha ile iguse ardhi, kisha huinuka tena. Hii imegusa ardhi mara nyingi. Basi si ya kuchongewa watalii. Imefanya kazi.

Nasir, mkuu wetu, alipita akaitazama. Kaagiza ipewe ukuta wake peke yake, mkabala na mlango. Chini ya jina la maonyesho litaandikwa jina langu, mhifadhi mkuu. Ni mara ya kwanza. Nikajitia sijali. Nimejali sana.

Alhamisi, 16 Januari

Mgeni amefika kutoka Mali. Atime. Mdogon, umri wangu au chini kidogo, mrefu, koti la baridi ambalo Maskati hata Januari haina haja nalo. Ameletwa kusuka nyuzi: zile kofia na vikuku vya nyuzi nyekundu na nyeusi ambavyo mchezaji huvivaa pamoja na barakoa. Nyuzi za zamani zimekufa, zinamwagika kama nywele za mgonjwa.

Anasema Kiarabu cha vitabuni, safi, cha msomi wa chuo. Mimi namjibu Kiarabu cha sokoni. Tunaelewana.

Alipoona nimeshika kanaga mikononi alisimama palepale. Halafu akaniuliza kwa adabu zote kama hapa wanawake wote wanashika. Kwao mwanamke hasogei karibu na barakoa, wala hazitazami zikicheza. Kuna wachache tu wanaopewa ruhusa, wanaitwa dada wa barakoa. Nikamwambia mimi ni dada wa kila kilichomo humu stoo, pamoja na makabati na viyoyozi. Akacheka. Nadhani tutapatana.

Jumapili, 19 Januari

Mkono wake mwepesi. Kamaliza kofia moja kabla ya adhuhuri. Anakaa chini, kamba ameikaza kwa kidole gumba cha mguu, anasuka bila kutazama.

Tumebishana. Yeye anasema nilichonacho mezani si barakoa. Ni ubao. Barakoa ni ubao, na nyuzi, na rangi mbichi, na mtu ndani, na ngoma, na maiti wa kuchezewa. Kikikosekana kimoja, ubao. Nikamwambia bima imelipiwa kwa ajili ya ubao. Akasema basi bima nayo haijaiona barakoa.

Namwachia. Kila mtu na kazi yake. Yangu ni kulinda kilichobaki.

Jumatatu, 20 Januari

Leo ameniambia habari za baba yake. Sikumuuliza. Alikuwa anasuka, mimi napima ufa wa kanaga.

Mzee alikuwa mchezaji wa kanaga tangu ujanani. Amefariki miaka kadhaa sasa. Amezikwa, lakini dama hajafanyiwa. Watu wenye bunduki waliingia pande zile, kijiji kikahama, wengine Bamako, wengine hawajulikani walipo. Nani atacheza? Paa la kuchezea lenyewe limeanguka. Mama yake yuko Bamako, chumba cha kupanga, bado yuko kwenye msiba. Hataki kuuvua. Atauvuaje na mumewe hajaondoka? Atime mwenyewe anasali, anafunga, lakini anasema dini yake haimpunguzii deni la baba.

Nikamtilia kahawa.

Jumatano, 22 Januari

Nimekasirika. Naandika ili nisimpigie mtu simu.

Asubuhi nilikwenda Wattaya kuchukua gari, ilikuwa kwenye sevisi. Kanaga niliiacha mezani, Atime apime kofia mpya kama inakaa. Sharti linasema asiishike mtu. Nilimwamini. Niliporudi nikaikuta imepakwa rangi.

Nyeupe, nyeusi. Yote. Nyeupe ni unga wa mchele aliouchemsha jikoni kwa wafanyakazi. Nyeusi ni mkaa wa mishkaki aliouomba kwenye mkahawa wa jirani, kausaga, kauchanganya na chai ya rangi iliyochemka mno. Imesimama pale inang'aa kama imechongwa jana. Rangi ya zamani, ile ninayoilinda kwa pamba na brashi ya nywele tatu, iko chini huko haionekani.

Na yeye anatabasamu. Alidhani amenisaidia. Kwao barakoa hupakwa upya kila inapotoka, kuiacha chafu ni kumdharau marehemu. Aliona mimi nimekawia, labda sina rangi, labda kama mwanamke naogopa. Basi kanifanyia.

Nilimwambia maneno ya Kiarabu ambayo chuoni kwake hawafundishi. Tabasamu likamtoka. Akakaa chini, mikono juu ya magoti, kama mtoto aliyevunja birika.

Nilitaka kulia. Sikulia, kwa sababu mascara ingeingia kwenye glavu.

Alhamisi, 23 Januari

Nimelala, nimeamka, akili imerudi.

Kwanza, nimechukua punje ya rangi pembeni palipobanduka, nimeiweka chini ya hadubini. Nyeupe ya Atime juu. Chini yake kijivu, uchafu wa miaka. Chini yake nyeupe nyingine, mchele pia. Nyeusi. Nyeupe. Inashuka hivyo hivyo mpaka kwenye mti. Kila tabaka ni marehemu mmoja. Atime hakufanya jambo geni. Kafuata foleni.

Pili, rangi yake inatoka. Mchele ni mchele, maji ya vuguvugu na subira. Mikono yangu naijua.

Nasir alishika kichwa. Anataka niioshe kimyakimya na tusimwambie mwenye mali. Nilikataa. Nikamwandikia bwana yule mwenyewe, na picha. Amejibu jioni. Kwa jinsi ninavyowajua wakusanyaji, amekuwa muungwana: isafishwe, isifanywe jambo lolote jingine, na ikiwa rangi ya chini iko salama maonyesho yaendelee. Nasir akavuta pumzi. Mambo yote yamekaa vizuri.

Halafu Atime akaja na ombi.

Hakubishana kuhusu kuosha. Anaomba jambo moja tu: kabla sijaiosha, acheze. Mara moja. Anasema alipokuwa anapaka rangi alimfikiria baba yake, akamtaja jina. Hakukusudia, lilimtoka. Sasa ni kama amemwita mtu mlangoni. Kuiosha bila kucheza ni kumfungia mlango usoni baba yake mzazi. Nikamuuliza kama ni sheria ya kwao. Akasema si sheria. Ni aibu yake yeye.

Anajua kwamba mchezaji mmoja na barakoa moja si dama. Dama ni kijiji kizima. Lakini kijiji hakipo.

Nikamwambia angoje. Barakoa ikicheza itapata mkwaruzo, na mkwaruzo sitauficha, na nisipouficha ukuta wa mbele utabaki mtupu na jina langu litafutwa. Haya yote nayaona wazi kama mistari ya kiganja.

Ijumaa, 24 Januari

Chakula cha mchana nyumbani. Pilau, samaki wa Qurayyat, na mama yangu kiti cha mbele yangu. Nilimweleza, maana uso wangu aliusoma tangu mlangoni.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kwanza kashangaa kwamba wanaume ndio wenye barakoa. Bibi yake huko Unguja alivaa barakoa, ile ya kitambaa ya kujifunika uso, mpaka anakufa, hajapata kusikia mwanamume kuitaka. Halafu akachambua mwiba.

"Mie nna dini yangu, na yeye ana yake," akasema. "Hayo ya roho kukaa nyumbani siyaamini. Lakini huyo mama wa watu nnamuonea imani. Mtu anakaa na msiba miaka, Asma? Eda yangu mie ilikuwa miezi minne na siku kumi na nnaona nusura niingie wazimu."

Nikamwambia kuhusu jina langu ukutani. Akasema jina langu alinipa yeye, halitoki kwa kufutwa ukutani.

Ni rahisi kusema ukiwa umeshiba pilau. Lakini nimelala mchana, nimeamka nimeamua. Kesho stoo imefungwa. Funguo ninazo mimi. Lawama nazo nitakuwa nazo mimi, sitaki Nasir ajue mapema akalazimika kusema hapana.

Nimempelekea Atime ujumbe. Asubuhi, avae viatu vya kawaida, aje na nyuzi zake zote.

Jumamosi, 25 Januari

Imekwisha. Nataka kuandika vile ilivyokuwa, ingawa sikuiona.

Nyuma ya stoo kuna uwanja wa changarawe na mchanga, ukuta mrefu pande zote, malori hugeuzia pale. Gereji za jirani zilikuwa zimefunga au zimelala. Nilifagia misumari. Nilizichukua glavu mpya nikampa Atime, akaziangalia, akanirudishia. Nikazitia mfukoni.

Ngoma hatukuwa nayo. Yeye anayo kwenye simu, ya kijiji chake, mtu alirekodi zamani wakati kijiji kipo. Tukaiunganisha na gari langu. Nilifungua milango yote minne ili sauti itoke.

Halafu akasimama. Nikajua anangoja nini. Hakusema, kwa adabu.

Kazi yangu yote ni macho. Kitu cha watu hakitoki mbele ya macho yangu, hata chooni nakwenda mbio. Na hapa natakiwa nisitazame. Ningeweza kusema mimi si Mdogon, hayanihusu. Ningeweza kuchungulia, nani angejua? Lakini ukimruhusu mtu kumzika baba yake, humruhusu nusu. Nikamkabidhi kanaga kwa mikono miwili, nikaingia kwenye gari, nikakaa usukani nimempa mgongo. Nikakunja vioo vya pembeni. Cha kati nikakigeuza juu, kikatazama paa. Simu yangu, isije ikarekodi, niliifungia kwenye buti ya gari.

Nikabonyeza ngoma.

Mwanzoni nilisikia ngoma tu, na moyo wangu. Kisha nyuzi. Sikujua kama nyuzi zina sauti. Zinavuma kama mtu anayekung'uta mkeka mkubwa. Kisha miguu kwenye changarawe. Kisha akatoa ukelele mmoja mwembamba, wa juu, si sauti yake ninayoijua. Nilishika usukani kama ninaendesha.

Niliogopa. Nasema kweli. Si mizimu niliyoiogopa. Niliogopa mti. Ule mti mkavu unazungushwa hewani, na mimi ndiye niliyeandika kwamba una ufa mwembamba kama unywele upande wa kushoto. Kila mzunguko niliusikia upepo wake, na kila mara nilisema moyoni sasa umevunjika. Nilipata hamu ya kugeuka ambayo sijawahi kuipata kwa kitu chochote, wala kwa mwanamume yeyote.

Sikugeuka.

Ngoma ikaisha. Kimya. Kunguru mmoja. Nilingoja mpaka aliponiita, ustadha, kwa sauti yake ya kila siku. Alikuwa ameketi mchangani, kifua wazi, jasho linamtiririka, kanaga ameilaza juu ya koti lake la baridi. Hakulia. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Nikavaa glavu nikaichukua. Haikuvunjika.

Jumapili, 26 Januari

Nimeosha. Siku nzima, pamba na maji ya vuguvugu, kipande kwa kipande. Mchele umetoka kama ulivyoahidi. Rangi ya chini salama. Natamba: mtu mwingine angeitoa nayo.

Kwenye ncha ya juu nimekuta mchanga. Umeingia ndani ya nyuzi za mti, rangi ya changarawe ya Ghala, si ile nyekundu ya kwao. Na mkwaruzo mpya, mfupi, mweupe. Nimeutoa mchanga kwa brashi. Mkwaruzo hautoki, na sikujaribu kuupaka.

Nimeandika ripoti. Nimetaja rangi, kuosha, uwanja, na kwamba mimi ndiye niliyeruhusu, mimi peke yangu. Nimeipeleka kwa mwenye mali, nakala kwa Nasir.

Nasir alikuja amekunja uso mpaka nyusi zimekutana. Akaniuliza kwa nini nisingeuacha mkwaruzo ule uingie kwenye mikwaruzo ya zamani, iko mingi, nani angeuona? Mimi ningeuona, nikamwambia. Akaondoka. Simlaumu. Ni mtu mwema, na ana wadhamini wa kuwatuliza.

Jumatano, 29 Januari

Jibu limekuja. Kanaga irudi kwa ndege ya kwanza. Na ikishaondoka, mimi nisishike tena kitu chake. Kasema kwa heshima, lakini kasema.

Nimeifunga kasha mwenyewe leo, hilo alilisahau kulikataza. Nilikaza kamba, nikajaza sponji. Hakuna kitakachotikisika humo hata wakilidondosha.

Inauma. Sitaki kuandika kwamba haiumi. Nimelia kidogo kwenye gari kule Ghala, mbele ya duka la matairi, Mhindi wa duka akaniletea chupa ya maji bila kuuliza. Kisha nikajipangusa nikarudi kazini. Barakoa sita zinangoja taa zao.

Swali nililojiuliza njia nzima: ningepewa asubuhi ile tena, ningefanyaje? Ningefanya vile vile. Labda ningefagia vizuri zaidi.

Alhamisi, 6 Februari

Maonyesho yamefunguliwa. Watu wengi, moshi wa bukhuri, juisi, hotuba ndefu. Ukuta wa mbele umepewa satimbe, barakoa yenye sanamu ya mwanamke aliyesimama juu ya utosi wake. Imependeza. Taa niliipanga mimi. Jina langu halipo. Mama kaja na baibui lake la sikukuu, kauliza kwa sauti kubwa nani kapanga taa nzuri hivi, wote wakanitazama.

Atime anasafiri kesho. Baada ya wageni kutoka tulikaa kwenye ngazi za nyuma, akampigia mama yake Bamako. Picha ilikuwa mbovu. Niliona kitambaa cha kichwani na nusu ya uso. Wakazungumza kirefu kwa lugha yao, Atime anajibu neno moja moja, kama tunavyojibu sote kwa mama zetu.

Halafu akaniambia mama yake anataka kusema nami. Kwanza aliuliza kama nimeolewa. Nikasema niliwahi. Akauliza kama nina mama. Nikasema ninaye, kamaliza sambusa zote ndani. Atime akatafsiri, mama akacheka.

Kisha akaacha kucheka. Akauliza jambo, Atime akasita, akaona haya, ikabidi nimwambie atafsiri tu. Mama anasema mwanawe amemwambia kwamba kanaga iligusa ardhi. Lakini huyu tangu mdogo humdanganya ili asihuzunike. Alimwambia nyumba ipo, nyumba haipo. Alimwambia mbuzi wapo. Hapo alipocheza palikuwa na mtu mwingine mmoja tu, na ni mwanamke. Anajua sikutazama, na kwa hilo ananishukuru. Lakini kanaga isiyogusa ardhi, kwake haijacheza: je, nina hakika iligusa?

Nikasogea karibu na simu ili anione uso.

Nikasema: "Mwambie iligusa. Mchanga niliutoa kwenye ncha kwa mkono wangu mwenyewe, na alama ipo, haifutiki."

Atime alitafsiri taratibu. Mama alikaza kitambaa chake cha kichwani. Kisha akasema maneno machache, si kwangu wala kwa mwanawe, uso ameugeuzia upande wa mlango wa chumba chake, kama anayemwachia mtu njia.

Nikamuuliza Atime kasema nini.

Kasema, basi, na aende.